Kiraka Kisichosema Kweli

Oktoba 2024 mji wa Arusha ulijaa Land Rover. Zilikuja kwa mamia, mpya na kuukuu, zikafuatana barabarani chini ya Mlima Meru. Sisi wa visiwani tuliotazama kwa mbali tulivutiwa na zile kuukuu, na ndizo zilizotukumbusha hoja ya siku nyingi: eti fundi bora wa gari la kale ni yule ambaye kiraka chake hakionekani.

Hoja hiyo twaikubali nusu. Land Rover zilipoanza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, basi bodi ikafanywa kwa aluminiamu na chesi kwa chuma. Fundi akibandika bati jipya ling'aalo kama sahani ya harusi katikati ya mwili uliopauka kwa jua na vumbi, amelivunjia gari heshima. Na atumie ribiti palipokuwa na ribiti, aipauze rangi ilingane na jirani yake, na mbonyeo wa zamani usiodhuru auache. Hiyo ni adabu ya kazi, si udanganyifu.

Nusu ya pili twaikataa katakata. Chesi huliwa na kutu kutoka ndani. Wapo wanaojaza tundu kwa puti, wakapaka rangi nyeusi, wakairushia tope ipate sura ya uzee, kisha mnunuzi akaambiwa kwamba gari halijaguswa tangu litoke kiwandani. Kiraka hicho nacho hakionekani! Je, huyo naye tumwite fundi bora? Puti haibebi mzigo. Chesi ndiyo ibebayo injini, springi na roho za abiria katika njia za mashimo za Momella. Mficha maradhi, kifo humuumbua; hapa atakayeumbuliwa si fundi, ni abiria.

Asidhani msomaji kuwa haya ni ya bara peke yake. Mji Mkongwe wetu, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta ukizibwa ufa kwa saruji na kupakwa chokaa juu, hupendeza kama wa kale. Kumbe saruji imeufungia unyevu ndani, na ukuta unaoza kimya kimya. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatusemi kuwa saruji ndiyo iliyoiangusha. Twasema uzuri wa uso si hati ya uzima wa mwili.

Wapenzi wa ushairi kanuni hii wanaijua. Mhariri wa utenzi wa kale akikuta neno lililoliwa na mchwa, hutia lake lenye kutimiza mizani nane na kuafiki kina, sikio lisikwaruzwe. Lakini aliye mwaminifu hulitia ndani ya mabano. Asiyeweka mabano amemsingizia marehemu maneno.

Basi fundi wa gari naye na awe na mabano yake. Aandike daftari: bati gani limebadilishwa, mwaka gani, kwa sababu gani. Agonge alama upande wa ndani wa bati, pasipofika jicho ila la mwenye kutafuta. Na gari liuzwe pamoja na daftari lake. Tutaambiwa kuwa bei itashuka. Ishuke! Bei inayoangushwa na ukweli ilisimama juu ya uongo.

Hadi siku hiyo, wewe unayekwenda Arusha kununua gari la kale, usishughulike na rangi. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo, uigonge chesi toka mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, puti hunyamaza.