Harufu ya sinde tusiiachie jua

Mama anakata sinde asubui, anatandika majani juu ya mabati, anaenda sokoni. Magaribi anarudia: majani imekauka vizuri, lakini rangi imekuwa ya njano. Anafunga mafungu, anauzisha. Munuzi anaweka ku pua, anarudisha: «Mama, hii haina harufu.» Bei inashuka, na kazi ya miezi inaenda bure.

Mu kambi za wafanya kazi na mu parseli zetu, sinde iko karibu kila nyumba. Toka 2003, wakati maelfu ya wafanya kazi wa Gécamines walitoka kwa «départ volontaire», jamaa nyingi zilijua vile bustani inasaidia siku mushahara unakatika. Ni kwa ile tunasema: hii si maneno ya wamama peke yao.

Watu wa mine wanajua neno teneur. Jiwe likiwa na shaba ya kutosha, ukilisafisha mubaya, shaba inaenda na maji. Sinde pia iko na teneur yake. Kile kinachonusa ni mafuta, na mu kilo 100 ya majani mabichi, kwa kawaida mafuta haifike hata kilo moja. Basi kosa kidogo linakula faida yote.

Kosa la kwanza liko mu shamba. Sinde inapenda jua; ukiipanda chini ya muti wa maembe, inakuwa ndefu lakini mafuta inapunguka. Ungojee miezi 4 ao 6 mbele ya kukata mara ya kwanza, kisha ukate kila miezi 2 ao 3, na uache santimetri 10 ao 15 juu ya udongo ili ichipuke tena. Ukiacha majani izeeke, utapata kilo mingi na harufu kidogo. Basiliki, yenyewe, inakatwa wakati maua inaanza. Na usikate mbele umande haujakauka.

Kosa la pili, ndilo kubwa, ni kisha kukata. Majani mabichi ikirundikwa mu saki, inapata moto ndani na inaoza. Ikiwekwa juu ya mabati ya moto, mafuta inaruka na hewa: harufu ile jirani anasikia mu parseli yake, ni feza yako inayoenda. Ukaushe mu kivuli, penye upepo, majani imetandikwa nyembamba juu ya kitanda cha miti, moto usipite digri 40. Kisha uweke mu chombo kinachofungwa vizuri, mbali na mwangaza, na usikatekate majani mbele ya siku ya kuuzisha.

Kosa la tatu, tusilifiche. Wengi wanakausha pembeni ya barabara, pale makamyo ya minerai inapita. Vumbi inakaa juu ya majani, na hayo majani tunaitia mu chai ya watoto. Mu Lubumbashi, upande wa Penga Penga, udongo wenyewe ulipokea moshi wa shimine miaka mingi. Pale, kukausha vizuri haitoshi: heri kupanda mu udongo safi wa kuletwa, mu vitalu vilivyoinuliwa.

Sasa, nani atajenga hivyo vivuli vya kukaushia? Mama mumoja hawezi peke yake, lakini wamama kumi wanaweza kuwa na kibanda kimoja. Na sheria iko. Kodi ya mines iliyorekebishwa mu 2018 inaomba kila kampuni itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanainchi wa jirani. Mara nyingi wakubwa wanapenda jengo la kukatia riboni. Sisi tunaomba kibanda chenye paa la majani, vitanda vya miti na mulinzi mumoja, mbali na barabara. Gharama yake ni kidogo, na faida inaingia mu nyumba kila miezi mitatu.

Baba, wewe uliye mu komite ya mutaa, siku watauliza mahitaji ya watu, uandike na hiyo. Na mama, kuanzia leo, ushushe sinde yako toka juu ya mabati.