Bangi Iulizwe Kliniki, Isihukumiwe Barazani

Kijana akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, huku kwetu Kibiti baraza huwa na majibu mawili tayari: ana jini, au kavuta bangi. La kwanza humfikisha kwa mganga. La pili humfikisha polisi, au humfungia chumbani mpaka bangi imtoke. Toleo hili linashughulika na jibu la pili. Tumelichagua kwa sababu lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ukisemwa nusu humdhuru mgonjwa.

Ukweli wenyewe umepimwa. Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioitwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuitwa walipata ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara 6 zaidi kuliko wasioivuta kabisa. Hapa nchini, utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta dalili za saikosisi, kama kusikia sauti zisizokuwepo, zaidi kwa watu waliovuta bangi katika mwaka uliotangulia. Ulizikuta zaidi pia kwa waliopatwa na misukosuko mizito ya maisha. Hapo ndipo baraza linapokosea: wavutaji wengi hawarukwi na akili, na wengi wanaorukwa na akili hawajawahi kuigusa. Bangi huongeza uzito kwenye mzigo ambao tayari una urithi wa ukoo, umri mdogo na shida.

Kwa hiyo familia inayosema “ni bangi tu” hukosea mara mbili. Humnyang’anya kijana msokoto na kuketi ikingoja apone, kumbe ugonjwa unaendelea kuota mizizi bila dawa. Akizidiwa, lawama humrudia yeye: si alijitakia?

Hoja yetu ni kwamba bangi ina umuhimu mkubwa zaidi baada ya ugonjwa kujulikana, na wakati huo ndio tunaonyamaza. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa kiambato kikuu cha bangi, THC, wagonjwa wa skizofrenia waliokuwa wametulia na wakitumia dawa zao. Dalili zilirudi kwa muda, na kumbukumbu ikayumba. Dawa haikutosha kuwa ngao. Aidha, moshi wa bangi, kama ule wa tumbaku, huliharakisha ini kuivunja olanzapini, mojawapo ya dawa za skizofrenia, hivyo dozi iliyokuwa ikitosha inaweza kupungua nguvu.

Habari njema ipo, nayo husemwa mara chache. Mwaka 2016 watafiti waliunganisha tafiti 24 zenye wagonjwa zaidi ya 16,000. Walioendelea kuvuta baada ya kuugua walirudiwa na ugonjwa zaidi ya walioacha. Walioacha hawakuonekana kuwa na hatari kubwa kuliko wale ambao hawakuwa wavutaji. Kwa maneno mengine, aliyeugua hajachelewa kuacha.

Ataachaje asipoulizwa? Na atajibuje ilhali sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inamhesabu mvutaji kuwa mhalifu? Mgonjwa anayetoka kisiwa cha delta ya Rufiji kwa mtumbwi, akapanda gari hadi hospitali ya Mchukwi, hatakubali safari yake iishie mahabusu. Atasema havuti. Daktari ataamini dawa imeshindwa, ataongeza dozi, mwili utakakamaa na mikono itatetemeka, na kijana ataiacha dawa badala ya kuiacha bangi.

Tunawaomba wahudumu waulize kwa sauti ileile wanayoulizia chumvi kwa mwenye presha: unavuta mara ngapi, unavuta lini, inakusaidia nini? Wapo watakaosema wanatafuta usingizi, wengine kuondoa upweke, wengine kupoza karaha ya dawa zenyewe. Kila jibu lina tiba yake: dozi kubadilishwa, kazi kutafutwa, usiku kupangwa upya. Jibu libaki ndani ya faili.

Familia nayo ijue kwamba anayeacha anaweza kukosa usingizi na kuwa na hasira kwa wiki moja au mbili. Si lazima ugonjwa uwe umerudi. Arudishwe kliniki aonwe, asifungwe kamba. Tangu 2011 hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapa dawa ya methadoni walionaswa na heroini. Bangi haina dawa ya namna hiyo. Ina mazungumzo, muda na watu wasiochoka, na vyote vitatu vinaweza kupatikana zahanati.

Makala zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya watatu: mhudumu, mzazi na mgonjwa mwenyewe. Wakizisoma pamoja, swali la bangi litakuwa limeshaanza kuulizwa mahali pake.