UCHAMBUZI: Tusipuuze maradhi ya pumzi yanayobisha kupitia tumboni

MGONJWA akifika hospitalini akilalamika kwamba anahara na kutapika, wengi wetu tutalaumu chakula alichokula, homa ya matumbo, amiba au kipindupindu. Dhana hiyo ina msingi, kwani maradhi hayo yangali nasi. Hata hivyo, janga la Covid-19 lilidhihirisha kwamba dhana hiyo inaweza kuwaponza wagonjwa na wahudumu wa afya.

Baada ya kisa cha kwanza kutangazwa nchini Machi 13, 2020, vipimajoto vilitapakaa katika malango ya ofisi, maduka na hospitali. Wananchi walihimizwa kujihadhari na homa, kikohozi na matatizo ya kupumua. Ilikuwa nadra mtu kuulizwa habari za tumbo lake.

Ilhali ishara zilikuwepo mapema. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Marekani, Januari 2020, alikuwa amesumbuliwa na kichefuchefu na kutapika kwa siku mbili kabla ya kulazwa. Akiwa wadini alihara, na virusi vikapatikana katika kinyesi chake.

Mjini Wuhan, China, madaktari wa Hospitali ya Zhongnan walichunguza wagonjwa 138 waliolazwa mwezi huo huo. Wagonjwa 14 kati yao walianza kwa kuhara na kichefuchefu siku moja au mbili kabla ya homa na kukosa pumzi. Mmoja aliyekuwa na matatizo ya tumbo alipelekwa katika wadi ya upasuaji. Ilikisiwa kwamba aliwaambukiza zaidi ya wahudumu 10 wa wadi hiyo. Kosa dogo la mlangoni liligeuka balaa ndani.

Je, dalili hizi zilikuwa za kawaida kiasi gani? Jibu hutegemea kinachohesabiwa. Uchunguzi wa wagonjwa 1,099 nchini China ulionyesha kwamba asilimia 3.8 pekee walihara. Katika uchunguzi mwingine wa wagonjwa 204 mkoani Hubei, takriban nusu walikuwa na dalili za tumbo. Wengi wa hao, hata hivyo, walikuwa wamepoteza hamu ya chakula tu, jambo ambalo huandama karibu kila ugonjwa. Walipoondolewa katika hesabu, walibaki 38.

La kutia wasiwasi zaidi ni kwamba wenye dalili za tumbo walifika hospitalini wakiwa wamechelewa: wastani wa siku tisa tangu waanze kuugua, ikilinganishwa na siku 7.3 kwa wenzao. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawakuficha lolote. Hawakujua kwamba tumbo nalo lilikuwa likitoa habari za corona.

Wataalamu wanaeleza kwamba virusi hivi huingia katika seli kwa kushika protini inayoitwa ACE2. Protini hiyo imo kwa wingi katika utumbo, si katika mapafu pekee. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) liliporekebisha mwongozo wa kutambua washukiwa Agosti 2020, liliongeza kuhara, kichefuchefu na kutapika katika orodha ya dalili.

Hii haimaanishi kwamba kila anayehara ana corona, wala kwamba choo ndiyo njia kuu ya maambukizi. Virusi hivi huenea hasa kwa hewa. Daktari akikimbilia corona na kusahau kipindupindu, atakuwa ameruka mkojo na kukanyaga mavi.

WHO ilitangaza mwisho wa dharura hiyo Mei 5, 2023, lakini virusi havikuondoka. Mlipuko mwingine wa maradhi ya pumzi ukitokea, hospitali zetu zisitegemee kipimajoto pekee. Maswali mawili ya ziada hayana gharama: tumbo lako likoje, na umekaribiana na mgonjwa yeyote? Nao wahudumu wa wadi zote, zikiwemo za upasuaji, wapewe barakoa na glavu mapema.

Aidha, serikali ichunguze majitaka mara kwa mara. Hilo si geni kwetu: mnamo 2018, virusi vya polio viligunduliwa katika majitaka ya eneo la Kamukunji, Nairobi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa corona ulikuwa pale pale mlangoni pa hospitali.