Saladi ya Makaroni Isilale

Katika miji yetu ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, miezi ya Desemba hadi Machi ni ya joto kali. Hamu ya ugali wa moto hupungua, na saladi ya makaroni yenye mboga mbichi hupendwa na wakubwa kwa watoto. Tunaikuta mara nyingi katika sherehe za ubatizo, Komunyo ya Kwanza, Kipaimara na arusi.

Sina ugomvi na chakula hicho. Ninachopinga ni desturi ya kukipika usiku wa kuamkia sherehe, kukichanganya na mayonezi, kisha kukiacha mezani mpaka wageni wafike alasiri. Saladi iliyolala ni kiporo, hata ikipambwa kwa nyanya.

Tumezoea kuogopa nyama na samaki, lakini makaroni tunayaona hayana neno. Kumbe vyakula vya wanga vilivyopikwa, kama wali na makaroni, huweza kuwa na vijidudu viitwavyo Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Chakula kikikaa nje, vijidudu hivyo huzaliana na kutoa sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haiharibiki hata chakula kikipashwa moto. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake 5 za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, lilifundisha kuwa vijidudu huongezeka haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, na kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Mchana wa Januari pwani hupita nyuzi 30. Hapo ni afadhali kuhesabu saa 1.

Wapo watakaosema, "Friji ipo." Ni vyema, lakini sufuria kubwa ya makaroni huchukua saa nyingi kupoa katikati, na umeme nao hukatika. Wengine huamini kuwa ndimu huua kila kijidudu. Ndimu haichukui nafasi ya maji safi na mikono iliyonawiwa kwa sabuni.

Basi tufanye hivi. Kwa watu 6 hadi 8, chemsha lita 5 za maji yenye chumvi, utie nusu kilo ya makaroni, uyaepue yakiwa yameiva bila kurojeka, kisha uyachuje. Usiyasuuze kwa maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa, maana utakuwa unarudisha vijidudu ulivyokwisha kuua. Tumia maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yatandaze kwenye chombo kipana yapoe upesi, na uyafunike inzi wasitue.

Osha vizuri nyanya 3, karoti 2, tango, pilipili hoho na kitunguu, ndipo uvikate. Kisu na ubao visiwe vile vilivyotoka kukata nyama mbichi. Ongeza kikombe cha njegere au maharage yaliyochemshwa siku ile ile, ili mlo ujenge mwili. Mayonezi ya nyumbani hutengenezwa kwa mayai mabichi, kwa hiyo tuyaache. Vijiko 4 vya mafuta ya alizeti, maji ya ndimu 2, chumvi kidogo na pilipili manga vinatosha. Changanya watu wakiwa tayari kula.

Najua kutupa chakula kunauma katika nyumba inayohesabu kila shilingi. Kwa hiyo tupike kiasi kitakacholiwa. Mtu mzima huweza kutapika usiku mmoja akapona, lakini mtoto mdogo huweza kuishiwa maji mwilini kwa saa chache. Akianza kuhara au kutapika, apewe maji ya ORS kidogo kidogo, yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, na apelekwe zahanati bila kungoja kesho.

Kamati za sherehe katika jumuiya zetu ndogo ndogo zinapogawa kazi, ziwatenge watu wawili kwa ajili ya saladi, akina mama au akina baba, waianze siku hiyo hiyo baada ya Misa. Pilau na nyama vitangulie kuiva. Saladi iwe ya mwisho kutoka jikoni, na ya kwanza kumalizika mezani.