Tunawanunulia Nini Watoto Wetu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaoufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila Ramadhani inapofikia kumi lake la mwisho, mabasi ya kwenda Mwanza hujaa watu wa kwetu. Huondoka Musoma alfajiri, hupakia abiria Makutano na Bunda, hupita Lamadi na Magu. Mzazi aliyekula daku nyumbani kwake Butiama, adhuhuri humkuta katikati ya jiji akitafuta viatu vya mtoto.

Hilo si jambo la kushangaza. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi gizani kwa taa, hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, na hurudi ziwani mwezi unapofifia. Kwa hiyo mwisho wa Ramadhani humkuta na fedha mkononi. Mkulima wa pamba wa Bunda na mchimbaji mdogo wa Buhemba nao, wakijaaliwa kupata, hutamani watoto wao wafurahi siku ya Iddi. Mwanza, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2000, ina maduka ya jumla, ina mitumba ya Mlango Mmoja na ina maduka makubwa yenye ngazi za umeme. Hatuandiki kumkataza mtu safari hiyo. Imepokewa na Muslim kwamba dinari yenye ujira mkubwa zaidi ni ile ambayo mtu huitumia kwa watu wa nyumbani kwake. Tunaandika kwa sababu mfuko unaorudi kutoka Mwanza unaeleza tunataka watoto wetu wawe watu wa namna gani, na mara nyingi unachoeleza si kizuri.

Tuanze na wakati. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kwamba kumi la mwisho lilipoingia Mtume (s.a.w.) alikuwa akijifunga kibwebwe, akiuhuisha usiku na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Sisi katika masiku hayo hayo, ambamo umo usiku ulio bora kuliko miezi elfu, tunawapeleka watu wa nyumbani kwetu madukani. Swala ya adhuhuri hucheleweshwa kwa sababu ya foleni, magharibi hupita garini, na anayerudi usiku amechoka hana nguvu ya kusimama. Misikiti yetu iliyojaa siku ya kwanza hubaki na safu mbili usiku wa ishirini na saba. Je, gauni la mtoto lilikuwa halipatikani mwezi wa Shaabani?

Jambo la pili ni zito zaidi. Wapo ndugu zetu ambao, kwa kuogopa aibu mbele ya majirani, huchukua mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Mtu hukopa ili mtoto avae kipya, kisha hulipa nyongeza ambayo Mwenyezi Mungu na Mtume wake wameitangazia vita, kama inavyosomwa katika Suratul Baqara aya ya 278 na 279. Mtu amefunga siku thelathini akajizuia na maji ya halali, kisha akafungulia riba! Mtoto hakuomba hayo. Mtoto wa miaka minne hajui bei ya kiatu. Anayeijua ni mama wa nyumba ya pili, naye ndiye tunayemvalishia mtoto.

Ama wanasesere, katika jambo hili tumegawanyika makundi mawili, na yote mawili yanahitaji nasaha. Kundi la kwanza ni la wenye bidii ya dini, hata wakadhani mchezo wa mtoto ni upotevu. Hao tunawakumbusha kisa cha Rubayyi bint Muawwidh (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Maswahaba walikuwa wakiwafungisha watoto wao Ashura, na mtoto alipolilia chakula walimpa kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa sufi mpaka wakati wa kufuturu. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume (s.a.w.). Abu Daud amepokea kwamba miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume alipomwuliza kuhusu mbawa hizo, akamjibu kuwa farasi wa Nabii Sulaiman alikuwa na mbawa, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Imam Nawawi amenukuu kutoka kwa Kadhi Iyadh kwamba wanavyuoni walio wengi wameruhusu wanasesere wa watoto wa kike, na kwamba riwaya ya Imam Malik kuchukia kuwanunua hufasiriwa kuwa ni kuchukia kuwafanya chumo, si kuchukia mchezo wenyewe. Wapo wanavyuoni wa zama zetu wanaojizuia na midoli ya plastiki iliyochongwa kwa ukamilifu wa sura, na mwenye kujitenga na shubha ameitakasa dini yake. Lakini asimnyang'anye mtoto mdoli wa kitambaa kwa jina la Sunna, ilhali Sunna imemwachia.

Kundi la pili ni la wasiotazama chochote. Hao humnunulia mvulana bastola ya plastiki, naye siku ya Iddi anashinda akiwalenga wenzake usoni. Humnunulia msichana mdoli aliyevaa mavazi ambayo wasingekubali binti yao ayavae, kisha miaka kumi baadaye wanalalamika kwamba binti hasikii. Mchezo ni darasa la kwanza la mtoto, na mwalimu wake ni kile kilichomo mkononi mwake. Mpira, kamba ya kuruka, vibao vya herufi na gari dogo vinamtosha, na gari la waya alilolitengeneza mwenyewe linamfundisha zaidi ya lile linaloimba siku mbili na kunyamaza.

Katika mavazi, imepokewa na Bukhari kwamba Umar (r.a.) aliona joho la hariri likiuzwa sokoni, akamshauri Mtume alinunue ajipambe nalo kwa Iddi na kwa kupokea wajumbe. Mtume alilikataa kwa sababu ya hariri, wala hakukataa kujipamba. Basi tuwapambe watoto, lakini tusome tunachowavisha. Fulana nyingi za mitumba zina maneno ya Kiingereza kifuani, na mengine ni matangazo ya pombe au matusi. Asiyejua lugha hiyo amwombe anayeijua amsomee kabla ya kulipa. Ni jambo la dakika moja, nalo linamwokoa mtoto asije akaingia msikitini na tangazo la bia.

Sasa tuulize: katika mifuko hiyo yote, kitabu ki wapi? Hapa ndipo penye msiba. Mzazi hupita mbele ya duka la vitabu mara tatu akitafuta mkanda wa suruali. Watoto wengi wa madrasa zetu husoma juzuu moja watu wanne, karatasi zake zimelegea, na wengine hukariri kwa kusikia tu kwa kuwa hawana cha kutazama. Butiama kwenyewe ni alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, mtu aliyezitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare na ambaye aliishi na vitabu vyake mpaka uzeeni. Yasikitisha kwamba katika wilaya hiyo hiyo mtoto wa Kiislamu akue bila kitabu kimoja kilicho chake. Waliotutangulia katika kazi ya islahi walilijua jambo hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, hakutosheka na kuwahutubia wakubwa. Aliandika pia vitabu vidogo vya kuwafundishia watoto dini yao. Na hadithi nzuri za watoto kwa Kiswahili zipo nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia uchapishaji wake tangu 1991. Kinachokosekana ni mzazi wa kukinunua.

Kwa hayo, tunaziomba kamati za misikiti ya Musoma, Bunda na Butiama zizingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, ununuzi wa Iddi ufanywe Shaabani. Giza la mwisho wa Shaabani lina dagaa kama giza la mwisho wa Ramadhani. Anayepata fedha kwa kuchelewa, awaone mafundi cherehani wetu wa hapa hapa, ambao nao wana watoto wanaosubiri Iddi.

Pili, msikiti uteue waaminifu wawili, mwanamume na mkewe au ndugu yake, waende Mwanza na orodha ya majina, umri na vipimo. Wazazi 20 wakisafiri kila mmoja peke yake hulipa nauli 40 za kwenda na kurudi. Wajumbe wawili hulipa nauli nne. Tofauti hiyo pekee hununua juzuu na vitabu vya hadithi kwa darasa zima.

Tatu, kila mtoto apate kitabu, kiandikwe jina lake, na tufanye uadilifu baina ya wavulana na wasichana. Nu'man bin Bashir (r.a.) ameeleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja bila ndugu zake. Mvulana kupewa mpira na dada yake kupewa ufagio hakuwezi kuitwa uadilifu.

Nne, orodha ianze na majina ya mayatima. Ziwa letu limewachukua wanaume wengi, na watoto wao wanaswali Iddi pamoja na wetu wakiwa na nguo za mwaka juzi. Mtume (s.a.w.) aliviunganisha vidole vyake viwili akieleza ukaribu wake Peponi na mlezi wa yatima. Mtoto yatima hujua, kuliko tunavyodhani, nani amekumbukwa na nani amesahauliwa.

Ndugu zetu, Suratul Furqan aya ya 67 imewasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wanapotoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali huwa kati ya hayo. Hiyo ndiyo njia tunayoiomba: mtoto afurahi, mzazi asidaiwe, msikiti usiachwe mtupu, na yatima asisahauliwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie watoto wetu, atujaalie chumo la halali, atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, na azipokee amali zetu. Wabillahi tawfiq.