Mabunda ya noti mbele ya kamera: neema au fitna?



Msimu huu wa harusi, simu zetu Unguja na Pemba zimejaa picha za vijana walioshika mabunda ya noti, au wanaomwagia bibi harusi fedha ukumbini. Wapo wanaosema ni furaha tu. Sisi tunaona jambo hili linataka kuangaliwa vizuri.

Wanigeria wamelijua kabla yetu. Sheria ya Benki Kuu yao ya mwaka 2007 imefanya kuwa kosa kurusha noti au kuzicheza ngoma juu yake. Adhabu ni kifungo kisichopungua miezi 6, au faini isiyopungua naira 50,000, au vyote viwili. Wengi waliidharau, mpaka mwaka 2024 mahakama ya Lagos ilipowatia hatiani watu maarufu.

Nchi hiyo hiyo ndiyo aliyotoka Ramon Abbas, maarufu kwa jina la Hushpuppi. Akiwa Dubai alionesha magari na mavazi ya kifahari kwa wafuasi zaidi ya milioni 2 wa Instagram. Juni 2020 alikamatwa, na wapelelezi wa Marekani wakazitumia picha zake mwenyewe dhidi yake. Novemba 2022 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kutakatisha fedha za utapeli. Nani hakumbuki kisa cha Qarun katika Suratul Qasas, aya 76 hadi 82? Waliomtamani jana, kesho yake walishukuru kwamba hawakuwa yeye.

Hapa kwetu msiba ni mwengine: wengi wanaojionesha hawana kitu. Alitujia mzazi mmoja analia. Kijana wake alikopa kwa riba ili aonekane mtu ukumbini. Picha zilisifiwa usiku mmoja. Deni likabaki, na mkewe akauza dhahabu ya mahari yake kulilipa. Mahari ni haki ya mke, na imeliwa na sifa za watu.

Kuonesha neema si haramu. Imepokewa kwamba Allah anapenda athari ya neema yake ionekane kwa mja wake. Lakini katika hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr, iliyomo katika Bukhari na Muslim, anayejionesha kuwa na asichopewa amehesabiwa kuwa amejivika uongo. Likiongezwa israfu, riya na riba, basi hapo hapana neema tena.

Kumtunza bibi harusi ni wema, bahasha inatosha. Na wewe mzazi, ukimuona mwanao na bunda la noti, usimsifu kabla hujamuuliza: umezipata wapi, na nani anakudai?

Allah atupe rizki ya halali na atusitiri na fedheha. Wallahu a'lam.