Usimalize Bumu Kwenye Bodi

Mwaka wa kwanza bumu langu lote liliishia kwenye bodi mpya ya kamera. Nilitaka picha za wadudu kwa ajili ya mradi wa zuolojia. Lenzi iliyokuja nayo ilikataa kusogea karibu. Sisimizi akatoka kama nukta. Nikala maharage hadi mtihani, na picha sina.

Wadau, karibu ni kazi ya lenzi, siyo bodi. Chukua bodi ya mtumba, lenzi ya milimita 50, na mirija ya kurefushia. Mirija haina kioo, inaitenga tu lenzi na sensa. Ikifika milimita 50, mdudu anatua kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Chenji itakayobaki, kula.